Mpangaji Asiyetajwa Jina

Biryogo, Kigali
14 Januari 1990

Mdogo wangu Bigirimana,

Assalaam alaykum. Nakuandikia cherehani ikiwa imenyamaza kidogo na chai ikiwa pembeni. Naomba barua hii ikukute umetoka bandarini salama, umeshavua viatu na umekaa. Mimi ni mzima. Goti linaniuma asubuhi, jua likipanda linaniachia. Upepo wa juzi umeng'oa bati za jirani, zangu zimesalimika.

Tangu tumzike mama Kaliza sijaja Buyenzi, na najua umenihesabia. Nisamehe. Mjane mwenye wateja hafungi mlango apendavyo.

Nina kichekesho. Umezoea kusikia naletewa kanzu, suti na sare za shule. Sasa naletewa matanga ya mashua! Kule ziwani Muhazi, upande wa Rwamagana, kuna chama cha watu wanaojifunza kuendesha mashua ndogo za tanga. Wengi wao ni Wazungu. Mwalimu wao ni mama wa Kibelgiji, Ingrid, mrefu kama mlingoti wenyewe. Alikuja na tanga lililochanika katikati. Wao wanaliita vwali. Nilipolitandaza lilijaa chumba, likatoka mlangoni hadi uchochoroni, na majirani wakaniuliza harusi ni ya nani. Nimelishona, ameridhika, ameleta mengine.

Tena nimepata mpangaji, msichana. Analala chumba cha nyuma na ananisaidia kutia vifungo. Ni mtulivu.

Na binti yako Kaliza je? Barua yako ya mwisho hukumtaja hata kwa salamu. Nilisikia ameposwa na mfanyabiashara wa vitenge. Niambie.

Dada yako,
Mukunde


Buyenzi, Bujumbura
25 Februari 1990

Dada yangu Mukunde,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika na nimeisoma nikiwa nimekaa, bila viatu, kama ulivyotaka. Hapa tuko salama. Meli yetu inapakia saruji, inakwenda Kigoma na kurudi, na injini inalia kama mgonjwa. Samaki wa mukeke wameadimika sokoni. Imamu wetu mzee amestaafu, aliyekuja ana sauti nzuri lakini hotuba zake ni ndefu.

Kaliza hajambo. Nimemtuma Kigoma kwa bibi yake, mama wa marehemu, kwa kuwa macho ya yule mzee yamepungua na hana wa kumchotea maji. Atakaa huko kwa muda. Posa imesogezwa mbele. Watu wa mchumba ni waungwana, wameelewa.

Kuhusu matanga, dada, yashone lakini usiyafuate majini. Mimi naongoza meli miaka yote hii, na siku boti ya abiria ilipozama na mama Kaliza ndani yake nilikuwa nimelala nyumbani, ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Tangu hapo nimekataza mtu yeyote wa nyumba yangu kukanyaga chombo. Watu wanasema nimezidisha. Waseme.

Huyo mpangaji ni mtu wa wapi? Usiweke mtu usiyemjua.

Ndugu yako,
Bigirimana


Biryogo, Kigali
6 Mei 1990

Mdogo wangu Bigirimana,

Idd imepita, mkono wa Idd nakuletea kwa karatasi. Tulikula pilau, tukatembeleana, na kwa wiki nzima kabla yake nilishona mpaka vidole vikakataa. Goti lile lile.

Habari za Kigoma nimezisoma. Nimezisoma mara nyingi. Sitakuuliza tena.

Umeniuliza mpangaji wangu ni mtu wa wapi. Ana umri wa miaka kumi na tisa. Kidevuni ana kovu dogo, kama la mtoto aliyeanguka kwenye ngazi za msikiti. Ndagala, dagaa zetu za ziwani, anaziweka juu ya wali kwanza, ndipo anamwaga mchuzi. Aliingia mlangoni kwangu mwezi wa Desemba na mfuko mmoja, akalia, akala, akalala mpaka alasiri ya siku ya pili. Jina lake siliandiki, kwa kuwa ameniapisha nisilitaje kwa mtu yeyote wa Bujumbura, nami nimeapa. Lakini anakula vizuri, anaswali, na mlango wangu una komeo imara. Hayo hakuniapisha.

Sasa lipo jambo ambalo hutalipenda. Nilipopeleka matanga Muhazi nilikwenda naye. Ziwa lile ni jembamba na refu, mafunjo kando, migomba juu ya vilima. Mimi nilikaa kwenye nyasi. Yeye alisimama ukingoni akiangalia zile mashua na hakugeuka hata nilipomwita kula. Ingrid akaona. Akamwambia kwa Kifaransa, "Unataka kujaribu?" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshavua viatu.

Wamekubaliana hivi: sisi tunashona matanga ya chama, naye anafundishwa kila Jumapili. Anavaa suruali chini ya gauni, kitambaa amekifunga vizuri, na juu yake jaketi la kuelea. Kuna vyeti vitatu. Cha kwanza ni kuongoza peke yako. Cha pili ni kuongoza na mwenzako na kujua kuokoa mtu. Cha tatu kinakufanya msaidizi wa mwalimu. Anavitaka vyote.

Nilitaka kumkataza, Mungu shahidi. Njiani kurudi nikamwambia, "Unajua kwamba kuna mtu kwenu atakufa kwa hofu akisikia."

Akasema, "Shangazi, mimi pia nilimpoteza mama. Mbona hofu ni yake peke yake?"

Nakuletea wewe swali hilo.

Dada yako,
Mukunde


Buyenzi, Bujumbura
15 Julai 1990

Dada Mukunde,

Salaam. Barua yako ilifika Mei. Nilikaa nayo. Usinidhanie nimeugua, ni mzima. Bandarini kazi ni nyingi. Idd ya kuchinja ilikuwa shwari, nyama tuliwagawia majirani kwa sababu nyumbani hakuna walaji.

Kaliza yuko Kigoma bado. Hajambo.

Nina maswali machache juu ya huyo mpangaji wako. Nauliza tu, kama mtu anayejua maji. Anajua kuogelea vizuri, au anaogelea kama watoto wa ufukweni, kichwa juu? Na kikohozi cha msimu wa vumbi hakimsumbui? Kikimsumbua mpe tangawizi na asali, vidonge anavitema.

Mwambie jaketi asilivue hata jua likiwa kali. Mwambie chombo kikipinduka asithubutu kuogelea kwenda nchi kavu, hata kama nchi kavu anaiona karibu. Akae na chombo. Chombo kinaonekana kutoka mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

Usimwambie ni nani aliyesema.

Bigirimana


Biryogo, Kigali
2 Septemba 1990

Mdogo wangu mpendwa,

Naanza na salamu, na salamu zangu leo zina uzito kuliko siku zote. Sisi ni wazima. Papa anakuja Kigali wiki hii, na Wakristo wote wa mjini wanataka nguo mpya. Nimeshona vitambaa vya kijani na vyeupe mpaka nikiota ni kijani na nyeupe. Tangawizi na asali nimempa. Amepona.

Cheti cha kwanza amekipata Julai. Alikileta nyumbani akakiweka juu ya cherehani yangu, akaenda kuosha vyombo kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Cha pili ameshindwa. Mtihani wenyewe ni wa kuokoa: wanatupa boya majini, unasema huyo ni mtu, na unatakiwa kumfikia bila kumgonga wala kumpita. Anaongoza pamoja na kijana wa benki, Silvère, mtu mwenye adabu. Mara tatu walipita boya kwa kasi. Mara ya tatu, nasikia, mpangaji wangu aliachia usukani akafunika uso. Silvère ndiye aliyewarudisha ufukweni. Niliporudishiwa mtoto yule alikwenda moja kwa moja kulala bila kula. Nadhani kwake lile halikuwa boya. Unanielewa.

Kwa hiyo nilivunja sharti lako. Nilimsomea barua yako ya Julai ili apate nguvu. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikata nyuzi. Nikamwuliza, "Nimjibu nini?"

Akasema, "Huyo mpangaji anayeulizwa kikohozi simjui. Mimi nina jina, alinipa yeye mwenyewe. Akiniita kwa jina langu nitaitika."

Nami nimekwambia yote ninayoweza bila kuvunja kiapo changu. Kilichobaki ni chako.

Dada yako,
Mukunde


Buyenzi, Bujumbura
23 Septemba 1990

Dada Mukunde,

Salaam. Hapa shwari. Mvua imeanza kunukia. Injini imebadilishwa.

Kuhusu mtihani wa mpangaji wako. Nilipokuwa kijana Rumonge, kabla ya meli za injini, nilifanya kazi kwenye mashua ya tanga misimu miwili, kwa hiyo hili nalijua. Kosa lao ni kumkimbilia mtu upepo ukiwa mgongoni. Upepo wa mgongoni hauna breki. Mpite kwanza kwa mbali, hata kama anapiga kelele na moyo unakuuma. Zunguka. Kisha mrudie upepo ukiwa unakupiga ubavuni kwa mbele, na ulegeze kamba ya tanga kidogo kidogo. Tanga likipepea, chombo kinapungua mwendo chenyewe na kusimama kando yake. Hapo unanyoosha mkono. Ukifika kwa haraka unampita au unamvunja kichwa.

Ajaribu tena, na asifunike uso. Aangalie boya mpaka mwisho.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma. Watu wa mchumba bado wanakuja kila Ijumaa kuuliza habari za Kigoma. Mtu akishasema neno mbele ya watu, kulirudisha si kazi rahisi.

Bigirimana


Buyenzi, Bujumbura
9 Oktoba 1990

Dada,

Redio inasema vita vimeingia Rwanda kutoka Uganda. Inasema Kigali kumepigwa risasi. Watu waliotoka Butare wanasema njia za mashariki zimefungwa, na Muhazi iko mashariki.

Yuko wapi? Alikwenda ziwani Jumapili ile? Niandikie neno moja. Mpe dereva yeyote wa lori anayekuja huku, anajua kunipata bandarini.

Ndugu yako


Buyenzi, Bujumbura
20 Novemba 1990

Dada Mukunde,

Hii ni barua ya nne tangu vita vianze, na sijui kama hata moja imekufikia. Nilikuja mwenyewe hadi mpakani, nikarudishwa. Nilikaa pale siku nzima nikiangalia ng'ambo kama mjinga, kisha nikapanda gari la kurudi.

Kama yumo ndani ya nyumba, fungua karatasi ya pili, umsomee. Kama anaweza kusoma mwenyewe, mpe mkononi.

*

Kaliza mwanangu,

Kaliza. Nimeandika jina lako mara mbili, naandika ya tatu. Kaliza.

Sikukutuma Kigoma. Wewe ulitoka kwa miguu yako, asubuhi ile wageni wa posa walipokuwa njiani, kwa sababu nilikuwa nimekufungia kila mlango. Najua uko kwa shangazi yako. Nimejua tangu Mei.

Sikuulizi kitu. Sikuambii urudi. Nataka tu kujua kama unaitika.

Baba yako


Biryogo, Kigali
16 Desemba 1990

Mdogo wangu Bigirimana,

Yuko hai. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Yuko hai, amekonda, amelala chumba cha nyuma na nasikia pumzi zake nikiandika. Mimi pia ni mzima. Nyumba ipo. Cherehani ipo. Majirani wawili hawapo, na habari zao siandiki kwenye karatasi inayopita posta.

Barua zako zilifika zote pamoja, mwanzoni mwa Desemba. Lakini hata zingefika moja moja nisingekujibu, na sasa nakwambia kwa nini. Jumapili ya mwisho ya Septemba alikwenda Muhazi na gari la chama. Alitaka kufanya mazoezi ya mtihani Jumatatu pia, akabaki kwa mke wa mlinzi, mama mmoja anayeitwa Illuminée. Jumatatu hiyo vita vikaanza. Gari halikwenda kumchukua. Barabara ikafungwa. Ingrid na Wazungu wengine wakapandishwa ndege. Kila mtu aliyekuwa akijua alipo hayupo, au hawezi kutoka mlangoni.

Oktoba nzima sikujua mtoto yuko wapi. Na Novemba. Ningekuandikia nini? Kwamba binti yako, ambaye sijawahi kukwambia wazi kwamba yuko kwangu, amenipotea? Nilikaa mbele ya karatasi mara nyingi. Kalamu ilinishinda. Jinsi nilivyomtafuta, na milango niliyobisha, na nilivyojibiwa, utakuja kuyasikia kwa mdomo au hutayasikia kabisa.

Kumbe Illuminée alimvika kitenge chake cha shambani, akampa jembe. Wakalima viazi pamoja. Mtu akiuliza, mama yule alijibu yeye, kwa sababu Kinyarwanda cha Kaliza kina lafudhi ya Bujumbura na hana kitambulisho cha hapa. "Ni mtoto wa dada yangu, ana haya," ndivyo alivyokuwa akiwaambia. Mashua zilifungwa kwa minyororo. Hakuruhusiwa hata kufika ukingoni.

Silvère ndiye aliyempata. Alipata kibali cha safari cha benki kwenda Rwamagana, akapita ziwani kuuliza, akamkuta shambani. Akamrudisha.

Nilimpa barua yako kabla hajaoga. Alisoma amesimama mlangoni, mikono ina udongo, karatasi ikachafuka. Akamaliza, akarudia. Kisha akaniuliza, "Ameandika lini?" Nikamwambia Novemba. Akasema, "Kabla hajajua kama niko hai."

Ndipo akakaa chini na kulia. Alipomaliza akasema, "Mwandikie kwamba nimeitika."

Nimekuandikia.

Dada yako,
Mukunde


Buyenzi, Bujumbura
13 Januari 1991

Dada yangu,

Al-hamdulillahi. Dereva wa lori alinipa barua yako nikiwa juu ya meli, mbele ya mabaharia. Niliwaambia vumbi la saruji limeniingia machoni.

Mpe huyo mama Illuminée shukrani zangu. Sijui shukrani za namna hiyo zinapelekwaje. Nimemnunulia vitenge viwili, kimoja cha maua mekundu, atavipata njia ikifunguka. Na Silvère umwambie mlango wangu ni wake.

Posa nimeivunja. Nimekwenda mwenyewe, nikarudisha kila kitu walichokuwa wametoa. Baba wa mchumba hakunisalimia wakati wa kutoka. Ana haki.

Kaliza asirudi kwa ajili yangu. Akirudi, arudi kwa ajili yake. Mwambie cheti cha pili hakijakimbia.

Bigirimana


Biryogo, Kigali
9 Juni 1991

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu wote, na leo kweli ni wote, kwa sababu Kaliza yuko mezani ananiamuru niandike upesi. Mvua imekatika. Goti limepoa. Bei ya uzi sitaitaja, nitakasirika bure.

Ingrid amerudi tangu Machi. Njia ya Muhazi inapitika, kwa kusimamishwa hapa na pale. Wanachama wamebaki wachache, mashua mbili hazina matanga tena, lakini chama kimefunguliwa. Vitenge vyako vimefika, Illuminée amevaa kile cha maua mekundu kanisani.

Mwezi uliopita Kaliza amefanya tena mtihani wa kuokoa. Nilikuwepo. Walipotupa boya alilipita mbali sana, mimi nikasema moyoni, basi, ameogopa tena. Akazunguka. Akalirudia polepole, tanga likipepea kama nguo kwenye kamba, na mashua ikasimama kando ya boya. Silvère akaliokota kwa mkono mmoja. Msimamizi aliandika. Amepita.

Sasa mtihani wa cheti cha tatu ni Jumapili ya mwisho ya Julai. Akipita, Ingrid anamtaka awe msaidizi wake, awafundishe wanaoanza. Ni kazi, si mchezo wa Jumapili tu.

Nilimwuliza, "Nimwambie baba yako?"

Akasema, "Mwambie tarehe. Asije kwa sababu umemwomba."

Basi tarehe ni hiyo. Sikuombi.

Dada yako,
Mukunde


Buyenzi, Bujumbura
18 Agosti 1991

Dada yangu Mukunde,

Assalaam alaykum. Nimefika salama kutoka kwako, nimemkuta paka amezaa ndani ya sanduku la kofia zangu. Kazini wamenipokea vizuri. Ijumaa baada ya swala watu waliniuliza nilikuwa wapi, na mmoja akaniuliza mbele ya wengine kama nimetoka Kigoma kumwona binti. Nikasema, "Kaliza hakuwahi kwenda Kigoma. Alinikimbia, akaenda Rwanda, na huko anafundisha watu kuendesha mashua." Imamu mpya akasema hiyo ni elimu, Mungu aizidishe. Kwa mara ya kwanza hotuba yake ikawa fupi.

Nisamehe kwa namna nilivyoondoka. Ulikuwa na lile gauni la bibi harusi la kumaliza, hukuweza kuja ziwani, na jioni niliporudi uliniuliza ilikuwaje nikakwambia, "Amepita," nikaenda kulala. Asubuhi nikapanda gari. Ulidhani nimechukia. Sikuchukia. Nilikuwa siwezi kusema, sasa naandika.

Unakumbuka tulivyosalimiana kwako, mimi na yeye. Mkono, habari za safari, basi. Siku mbili nzima tulizungumza juu ya chumvi na mvua. Ndani ya gari la kwenda Muhazi alikaa mbele na Ingrid, mimi nyuma na Silvère.

Mtihani ulikuwa hivi: amfundishe mtu asiyejua, mbele ya msimamizi, mpaka mtu huyo aweze kugeuza mashua mwenyewe. Mwanafunzi waliyemwandaa hakutokea, nadhani alizuiwa njiani. Msimamizi, mzee mmoja wa Kibelgiji mwenye masharubu, akaangalia watu waliokuwa ufukweni, akaninyooshea kidole mimi. Kaliza akasema kwa Kifaransa kitu ambacho Silvère alinitafsiria: "Huyo ni nahodha. Anaongoza meli ya injini Tanganyika." Mzee akacheka, akasema basi ni vizuri, hao ndio wagumu kuliko wote kufundishika.

Dada, nilivua viatu. Nilikuwa sijaingia kwenye mashua ya tanga tangu Rumonge. Akanivalisha jaketi, akanifunga kamba zake kifuani, akazivuta kuona kama zimekaza, bila kunitazama usoni.

"Kaa hapa, baba. Shika usukani mkono huu. Kamba ya tanga mkono ule. Ukiogopa, iachie kamba, usukani usiuachie."

Nikaushika kama ninavyoshika wa meli. Mashua ikazunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikarekebisha, ikazunguka upande mwingine. Kwenye mashua ya pili nilimwona msimamizi akiandika.

"Si kwa nguvu," akasema. Akaweka mkono wake juu ya wangu na kuvilegeza vidole vyangu, kimoja kimoja. Viganja vyake vimekuwa vigumu, vya kamba. "Vidole viwili tu. Inakusikia."

Ikanisikia.

Tukaenda. Akanieleza namna ya kugeuza: yeye atasema inama, mimi nisukume usukani, ule mti wa chini wa tanga utavuka kutoka upande huu hadi ule, na mwenye kichwa ndiye anayekilinda. Nikamwambia najua. Akasema inama. Nikachelewa. Mti ukanipiga juu ya sikio na kofia yangu ikaenda majini. Nikageuka kuitafuta, mashua ikayumba, na nikamsikia anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mama yake alipokuwa hai.

"Iache, baba. Angalia mbele."

"Ile ni kofia ya Idd."

"Nahodha hapa ni mimi. Iache."

Nikaiacha. Katikati ya ziwa upepo ukapungua, tukawa tunakwenda kidogo kidogo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu Bujumbura, na yote yalikuwa yamenitoka. Nikamwuliza, nikiwa nimeangalia mbele kama alivyoniamuru, "Mama yako angesema nini?"

Akafikiri. "Angetapika," akasema. "Alikuwa hawezi kabisa maji. Alipanda boti ile kuwahi msiba wa ndugu, na msiba haungoji barabara. Si wewe uliyempandisha."

Tukapita mahali ambapo mafunjo yamekatwa, nikamwona mama Illuminée amesimama kwenye shamba lake la viazi na kile kitenge, anapunga mkono. Kaliza akampungia.

Baadaye nikasema, "Utarudi nyumbani?"

"Angalia tanga, baba."

Nikaangalia tanga.

"Nitakuja Idd," akasema. "Nitakaa, tutazuru kaburi la mama, nitakupikia. Halafu nitarudi kazini."

Nikasema sawa. Nililisema kwa sauti ndogo, lakini alilisikia, maana niliona mabega yake yameshuka. Upepo ukaanza tena, ukaja kutoka upande wa migomba, nao aliuona juu ya maji kabla yangu. Akavuta pumzi kusema inama. Safari hii nilikuwa nimeshainama.

Naomba Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, na goti hilo.

Ndugu yako,
Bigirimana